Kikohozi Kisichoandikwa

Wakili wa kiwanda alikuwa na adabu kuliko sisi sote, na hilo lingenishtua mapema kama ningekuwa na akili. Alitoka Marekani, akakodi chumba mtaa wa Wattaya, huku kwa Waarabu, juu ya duka la magari, akaweka kahawa na tende mezani, akaniajiri niwe mkalimani. Watu aliokuja kuwahoji walifanya kazi kiwanda cha gundi kule Rusayl, eneo la viwanda, wengi wao wa Tanga na Mombasa, vifua vimeharibika. Mwenye kiwanda yuko Marekani, ndiyo maana walishtaki huko. Jaji alitaka kwanza kujua jambo moja: hawa ni kundi lenye madhara ya aina moja, au kila mtu na lake? Wakikubaliwa kuwa kundi, kesi inaendelea. Wakitawanywa, basi. Nani kati yao angeweza kushtaki Marekani peke yake?

Swali lake la kwanza, kwa kila mmoja, lilikuwa hali yako.

"Nzuri, alhamdulillah."

Akaandika.

Aliyeanzisha kesi alikuwa mama mmoja wa Tanga, mfungaji maboksi, aliyekohoa ndani ya mtandio mpaka mabega yakatikisika. Wakili akangoja amalize, akauliza gundi imemdhuru vipi.

"Mimi sijambo, mwanangu," akanijibu mimi, si wakili. "Kifua kidogo tu. Wenzangu ndio walioumia."

Aliyefuata akasema mgonjwa ni mama yule, yeye ana nafuu. Wa tatu naye akamsukumia mwenzake. Hapo nikaielewa adabu ya wakili. Nami nimelelewa hivyo hivyo: mgeni akikuuliza hali, humtwishi maradhi yako. Lakini nilikuwa nimeapa kutafsiri yaliyosemwa tu, nikayatafsiri neno kwa neno, huku wakili akitabasamu na kumwongezea kila mtu kahawa. Wakili wa wafanyakazi, aliyekuwa akifuatilia kwa video kutoka Marekani, aliuliza mara mbili kuhusu vifua, akajibiwa "kidogo tu" mara mbili.

Kwenye korido yule mama alinishika mkono.

"Tumejibu vizuri?"

Mlango ulikuwa wazi na wakili anatutazama. Ningeweza kumwambia ukweli hata hivyo.

"Vizuri, mama," nikasema. Nilijichukia njia nzima hadi nyumbani.

Miezi kadhaa baadaye uamuzi ukatoka: si kundi. Jaji alikuwa amenukuu majibu yao, kwa tafsiri yangu. Mama akanipigia simu, sijui nambari aliipata wapi, akaomba nimsomee jibu lake. Nikamsomea. Akakohoa muda mrefu.

"Ndivyo nilivyosema?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Na kule kukohoa je? Mbona wewe ulinisikia."

"Nilikusikia," nikasema.