Ochola wa Mbita alivyomsogeza mke wangu karibu na kamera, ndio nikajua mwanga ni nini

Wakuu, salamu kutoka Sori. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo makosa ya kuandika mnivumilie. Uongo hamtaupata.

Naona vijana humu wanauliza kama mtu anaweza ku-shoot video bila kununua taa. Anaweza. Mimi nilifunzwa na wivu.

Miaka ya tisini, kamera ya video hapa Sori ilikuwa yangu peke yangu. Niliinunua na jasho la omena, wale dagaa wa ziwa letu. Kila harusi nilisimamisha maarusi ziwa likiwa nyuma yao, jua la saa kumi linashuka huko. Watu walipenda ziwa.

Ziwa lilitoka safi. Nyuso zilitoka nyeusi kama chini ya sufuria.

Nililaumu kaseti.

Siku moja familia fulani ikaniruka, ikaita Ochola wa Mbita. Kijana tu! Nikaenda kama mgeni, roho inachemka.

Akasimamisha maarusi pale pale pangu, ziwa nyuma. Nikacheka moyoni. Kisha akaita kwaya ya kina mama, wote gauni nyeupe. Mke wangu alikuwa mmoja wao, na Ochola akamweka mbele kabisa, karibu na lens.

"Mama, songa. Songa tena. Hapo hapo, usitoke."

Mke wangu huyo! Na anatabasamu!

Nikamshika Ochola shati mbele ya watu. "Unataka nini na huyu mama?"

"Mzee, pole pole. Mama, hebu rudi nyuma kidogo."

Akarudi. Uso wa bibi harusi ukaingia giza.

"Sasa kuja."

Jua likagonga gauni ya mke wangu, likarukia uso wa bibi harusi. Ukang'aa.

"Ni hiyo nyeupe nataka, mzee. Wewe baki na mama."

Walicheka mpaka mchungaji.

Harusi iliyofuata nilibeba shuka nyeupe ya kitanda, mke wangu akaishika mbele ya maarusi. Nyuso zikatoka safi. Watu waliposifu, nikasema nimebadilisha kamera.

Mke wangu alikuwa anasikia. Tulipofika nyumbani akaniambia: "Baba Achieng, Ochola nilimsimamia siku moja, akaniambia asante mara tatu. Wewe, mkono wangu umekufa ganzi na shuka yako."

Nikamwambia asante. Ochola sijamwambia hadi leo, na jina lake likitajwa bado nageuza mazungumzo.

Kwa hivyo vijana: jua likiwa nyuma ya mtu, tafuta kitu cheupe mbele yake.

Na nyinyi, kazi yenu mliiba kwa nani mnayemchukia? Semeni, tuko wengi.