Ukwato wa Fauvette

Mume wangu, Anselme Thiriet, aliahidiwa kuachiliwa na jeshi siku farasi fulani atakapokufa, kisha akapewa kazi ya kuhakikisha farasi huyo hafi. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilicheka mara moja tu, niliposikia kwa mara ya kwanza.

Tulikuwa wachumba hapa kijijini kwetu Lorraine alipotia mkono kwenye kofia ya meya, siku ya kura ya jeshi, na kutoa namba mbaya, ya kwenda vitani. Kwa kuwa alikuwa mhunzi, walimpeleka kwa askari wa farasi, chini ya kapteni mmoja aitwaye Vaubrécy, mtu wa masharubu mengi na maneno machache. Kapteni alikuwa na farasi jike mwekundu, Fauvette, mwenye kwato laini zilizopasuka kila zilipopigwa msumari. Wahunzi watatu walikuwa wameshindwa naye. Anselme akamvisha viatu vyepesi, misumari sita badala ya minane, na farasi hakuchechemea tena. Wanasema kizuri chajiuza. Uzuri wa mikono ya mume wangu ulimuuza yeye mwenyewe.

Juu ya mgongo wa Fauvette, Vaubrécy alipanda. Akavunja safu ya Waaustria, akawa meja. Akavuka mto huko Prussia risasi zikinyesha, akawa kanali. Huko Poland akaongoza wapanda farasi elfu moja ndani ya theluji, akarudi na kofia iliyotobolewa, akafanywa jenerali. Na kila alipopata cheo, Anselme alikwenda kumwomba ruhusa ya kurudi nyumbani.

"Afande, miaka yangu imekwisha."

"Yako imekwisha. Ya Kaizari je?"

"Nina mchumba, afande. Odile atachoka kungoja."

"Kaoe basi, kikosi kikipita mji wa Nancy. Siku nane. Ukichelewa nitakupiga risasi, halafu nitalia, maana nani atamvisha Fauvette?"

Nikaolewa kwa siku nane. Baada ya hapo sikuwa mwali, sikuwa mjane, na mke sikuwa.

Alipoomba mara ya nne, jenerali alichoka naye. Lazima ujue kwamba farasi wa jeshi huchomwa namba kwenye ukwato. Akifa, mhunzi huukata ukwato ule kwa shoka na kuupeleka kwa mkubwa wake, ijulikane kwamba mnyama kafa kweli na hakuuzwa kwa mkulima. "Basi niletee ukwato wa Fauvette," jenerali akasema, "na siku hiyohiyo nitatia sahihi uende zako."

Wakaenda Urusi. Baridi ilipoingia, farasi wa jeshi zima walikuwa na viatu laini vya kiangazi, kwa sababu wakubwa walishaamua kwamba vita vitakwisha kabla ya theluji. Farasi waliteleza, wakaanguka, hawakuinuka. Fauvette peke yake alitembea kama yuko sokoni. Mume wangu alikuwa amemtia misumari yenye ncha, bila kuamriwa na mtu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Barafu ilikuwa inakuja, Odile. Ningefanyaje?" Ningemchapa!

Hata yeye alichoka. Asubuhi moja, jeshi likirudi nyuma, alimficha Fauvette nyuma ya ghala lililoungua, akakata ukwato wa farasi aliyekufa njiani, akauchoma namba ya Fauvette kwa chuma cha moto, akaupeleka. Jenerali alikuwa akitembea kwa miguu ili kumpumzisha farasi, matambara yamefungwa kwenye buti zake. Akaupokea ukwato kwa mikono miwili. Akatoa karatasi, akaandika kwa vidole vilivyovimba: Anselme Thiriet, mhunzi, ameachiliwa, akifika mpakani apewe njia.

Ndipo akauliza, "Alikufa peke yake?"

"Hapana, afande. Nilikuwa naye."

Jenerali akamshukuru. Hapo ndipo mume wangu alipoharibu kila kitu. Uongo wote aliuweza, ila shukrani ilimshinda. Akaenda nyuma ya ghala, akarudi akimvuta Fauvette kwa hatamu. Wangeweza kumpiga risasi palepale. Jenerali alitazama farasi, akatazama karatasi, akaichana vipande vinne.

"Tembea," akasema. "Na wewe ni mjinga."

Mimi na jenerali tulikubaliana kwa hilo tu.

Amani ikaja, Kaizari akaondoka. Jenerali akapewa nusu mshahara na amri ya kutotoka Nancy bila idhini ya polisi. Hakuwa na pa kuweka farasi, akampa Anselme. "Ahadi yetu ni ileile," akamwambia, kwa utani nadhani. Mume wangu hakusikia utani. Akaja nyumbani na Fauvette, na kwa miaka mitano akalala bandani kwenye majani, buti miguuni, akiamka saa ya tarumbeta.

"Vita vimekwisha, we mwanamume! Kitanda kiko huku!"

"Bado sijaachiliwa, Odile."

Nilimchukia mnyama yule. Nilimpikia shayiri kila siku, na kila siku nilimwombea kifo.

Akafa mwezi wa tatu, uzee tu, kichwa chake mapajani mwa Anselme. Nililia, jambo lililonishangaza. Mume wangu akachukua shoka, akafunga ukwato ndani ya mfuko wa unga, akatembea siku mbili hadi Nancy. Alimkuta jenerali kwenye chumba kimoja juu ya duka la mikate, anakula supu na koti begani.

Akauweka ukwato mezani. Jenerali akaupapasa kwa dole gumba, penye matundu sita.

"Alikufa peke yake?"

"Hapana, afande. Nilikuwa naye."

Safari hii jenerali aliondoa sahani, akatafuta kalamu. Akaandika maneno yaleyale, akatia sahihi na cheo chake chote. "Ni karatasi ya mtu asiyeruhusiwa hata kuvuka daraja la mji," akasema, "lakini ndiyo hiyo."

Anselme alirudi adhuhuri. Akanipa niisome, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Akavua buti, akapanda kitandani kwangu, akalala hadi kesho yake jua likiwa juu. Nilikaa kando nikimtazama. Nina miaka thelathini na saba. Nilikuwa na ishirini na mmoja siku alipotia mkono kwenye ile kofia.