Dalili Sita za Mtu wa Chuo Kikuu

Ijumaa, tarehe 29 Septemba 2023, wanafunzi wa kidato cha nne wa shule moja ya sekondari huko Majimoto walifanya mahafali yao. Kuhusu siku ile, jambo moja limethibitishwa kwa maandishi: Scolastica, mwenye mashine ya kukoboa mpunga karibu na soko, alihitimu mwaka 2003 katika chuo kikuu ambacho wengi hukitaja kwa kushusha sauti. Jina lake limo katika kitabu cha wahitimu, ukurasa wa arobaini na moja. Shida ni kwamba pale Majimoto hakuna aliyewahi kukiona kitabu hicho, na Scolastica hakufanana na mtu wa chuo kile.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwenye mabega ya kunyanyua magunia na vumbi la pumba kwenye nyusi. Alipomaliza chuo alirudi kumuuguza baba yake. Baba alipofariki, mashine ikabaki mikononi mwake. Ilikuwa mashine korofi, iliyotaka mtu wa kuisikiliza, naye akaisikiliza hadi miaka ikapita. Watu kusahau kisomo chake hakukumnyima usingizi. Kilichomuuma ni binti yake, Happiness, ambaye alikuwa anahitimu mwaka huo. Happiness aliwaambia wenzake kwamba mama yake alisoma chuo kile, na tangu siku hiyo akaitwa Binti Profesa, tena si kwa heshima. Wiki tatu kabla ya mahafali alitangaza kwamba hatakwenda kupokea cheti.

"Nizomewe mbele ya wazazi wote? Mama, bora nibaki hapa nipime mchele."

"Utakwenda," Scolastica alisema. "Mwongo ndiye anayejificha. Wewe umedanganya nini?"

Wakati huohuo kamati ya mahafali, chini ya mwenyekiti wake Mzee Gaspar, ilikuwa inatafuta mgeni rasmi aliyesoma katika chuo hichohicho, ili awatie watoto hamu ya kusoma. Kwa kuwa hakuna mjumbe aliyejua mtu wa namna hiyo anafananaje, kamati iliandika dalili sita za kumtambua, kwa kalamu ya bluu, kwenye karatasi ya daftari. Mzee Gaspar aliipeleka karatasi hiyo mashineni, kwa hoja kwamba kila mwenye mpunga hupita pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Happy. Hebu soma hapa. Hujamwona mtu kama huyu?"

Scolastica akapangusa mikono, akasoma. Mtu wa chuo kile huvaa miwani. Hamalizi sentensi bila kutia Kiingereza. Hali kwa mkono. Hanyanyui kitu kizito kuliko kitabu. Hasalimii. Dalili ya sita ilikuwa neno moja tu: mbishi.

"Mzee, mimi nimesoma pale."

Mzee Gaspar alicheka hadi akalazimika kuketi juu ya gunia la mteja. "Wewe! Juzi si nimekuona umebeba gunia mpaka kwenye pikipiki? Na salamu umenipa sasa hivi!" Akaondoka akijifuta machozi.

Mtu wake alimpata alipogeuka tu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la pembejeo la Celestin, aliyevaa miwani kwa sababu ya vumbi la dawa, aliyetamka majina ya dawa kwa Kiingereza siku nzima, na ambaye kwa aibu zake hakuwahi kumsalimia mtu kwanza. Celestin alikataa mara tatu. Kila alipokataa, katibu wa kamati aliandika: "Mnyenyekevu."

Siku mbili kabla ya mahafali, Celestin aliingia mashineni akitoka jasho.

"Dada Scola, nimekwisha. Mimi niliishia darasa la saba! Nikiwaambia, wanasema wasomi hawapendi kujisifu."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Maelezo ya dawa si huwa unanisomea wewe? Niandikie hotuba, dada yangu."

Scolastica angeweza kumwacha aaibike. Aliwaza kwamba watakaomsikiliza ni watoto, na mmoja ni wake. Akaandika kurasa mbili.

Siku yenyewe alikuwa nyuma ya madarasa, kwenye sufuria la wali wa wageni. Celestin, aliyekuwa amefanya mazoezi ya ukurasa wa kwanza tu, aliusoma vizuri sana, akapigiwa makofi, akafungua wa pili.

"'Msidanganywe na wanaosema wasomi wa pale huvaa miwani,'" alisoma. "'Mimi mwenyewe nilikaa pale miaka mitatu nikiwa mwanamke mwenye macho mazima...'"

Ukumbi mzima ukamwangalia. Celestin akavua miwani, akaikunja, akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo: "Aliyeandika haya yuko jikoni."

Scolastica akaletwa na mwiko mkononi. Mzee Gaspar alitoa karatasi yake mfukoni.

"Mama Happy, miwani huna. Kiingereza hatujakisikia. Hilo sufuria umelibeba peke yako."

"Subiri, mzee. Tuanze na Kiingereza," Scolastica alisema. Akaeleza kwamba chuoni walitaniana kwa Kiswahili, na Kiingereza kilingoja darasani. Akaeleza ndoo za maji alizopandisha hadi ghorofa ya nne, na vijiko vilivyopotea hadi wote wakala kwa mkono. Mkuu wa shule alitazama saa. Wali ukaanza kunuka. "Na hii ya sita ni uzushi mtupu! Sisi si wabishi hata kidogo, na nina sababu nne za kuthibitisha. Ya kwanza..."

Mzee Gaspar akaikunja karatasi. "Basi, mama! Basi! Huyu ni wa palepale."

Jina la Happiness lilipoitwa, mtu mmoja huko nyuma alipaza sauti: "Binti Profesa!" Happiness alisimama, akainua mkono kuitikia, akaenda kuchukua cheti chake bila haraka.

Wageni walikula wali ulioungua, na hakuna aliyelalamika kwa kuogopa kujibiwa.

Haijulikani hadi leo kama Scolastica aliiandika ile sentensi ya miwani kwa kusahau nani angeisoma, au kwa makusudi. Ameulizwa mara mbili, na mara zote mbili aliwasha mashine.