Alihamishwa na ukumbi, sasa anaufagia

Saa mbili asubuhi, kabla umma haujafunguliwa milango, Clive Hobday anasukuma toroli lake hadi katikati ya uwanja wa duara ulio wazi juu. Mvua ya jana imeacha madimbwi. Anaanzia chini ya jukwaa, wanakopenda kuegemea watazamaji wa kusimama, na ufagio wake unakokota vikombe vya bia, tiketi zilizoloana na makoti ya plastiki.

"Wa kule juu kwenye mabenchi wana adabu," anasema bila kuinua kichwa. "Hawa wa chini ndio watu wangu. Wanakula, wanakunywa, wanaacha."

Hobday, mwenye miaka sitini na mmoja, ni mzaliwa wa Southwark, kusini mwa mto Thames jijini London. Anafanya usafi katika ukumbi wa maigizo wa Globe, uliojengwa kwa kuiga ule wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambao misingi yake iko mitaa michache tu kutoka hapa.

Watalii hawajui kwamba kabla ya jengo hili, kiwanja kilikuwa depo ya wafagiaji barabara. Hobday alikuwa mmoja wao. Aliyemtafutia kazi hiyo ni kaka yake, Roy, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

Miaka ya themanini, waliotaka kujenga ukumbi walikidai kiwanja hicho. Mgogoro ulifika mahakamani, ukaisha, na wafagiaji wakahama.

"Roy hakulia hata mama alipofariki," anasema Hobday. "Siku tuliyofunga kibanda chetu cha chai, aliingia kwenye gari akapandisha vioo."

Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1997. Muda mfupi baadaye Hobday alipunguzwa kazini, huku nyumbani ana binti mchanga. Aliposikia Globe wanatafuta mtu wa usafi, akaomba, akapata. Aliona ni heri Roy alisikie kutoka kinywani mwake.

"Nilimkuta anakula mayai. Akaniuliza, 'Unaenda kuwafagilia waliotufagia?' Nikamwambia, kaka, mtoto lazima ale. Akasema, 'Basi na wewe kale huko huko.' Nikachukua kofia yangu."

Kwa zaidi ya miaka ishirini hawakusemezana, ingawa wanaishi mitaa ya jirani. Wakikutana msibani, mke wa Roy, Maureen, ndiye aliyepeleka maneno huku na kule, hata wakiwa wameketi meza moja.

Kazini, Hobday aliokota historia ya ukumbi kipande kipande kutoka kwa waongoza wageni waliopita akifagia. Mwanzoni hakuijali. "Nilidhani ni habari za mabwana waliovaa soksi ndefu."

Vuli iliyopita Roy alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Maureen akapiga simu.

"Njoo umwone kaka yako, shemeji. Amekosa wa kugombana naye, mimi ndiye ninayeumia."

Hobday alikwenda. Roy alikuwa akitazama mbio za farasi kwenye televisheni, na hakugeuza shingo. Kwa kukosa la kusema, mdogo mtu akamsimulia jinsi ukumbi wa kwanza ulivyopatikana.

Waigizaji, alimweleza, walikuwa na ukumbi mwingine Shoreditch, kaskazini mwa mto. Mbao zilikuwa zao, ardhi ya mtu. Mkataba ulipokwisha, mwenye ardhi akagoma kuwapa mwingine wa haki. Basi mwishoni mwa mwaka 1598, msimu wa Krismasi, yeye akiwa hayupo mjini, waliingia na seremala na vibarua, wakaubomoa, na mbao zikavushwa mto. Mwaka uliofuata zilisimamishwa Southwark, zikaitwa Globe.

Roy alipunguza sauti ya televisheni.

"Mwenye ardhi alifanya nini?"

"Akashtaki."

"Akashinda?"

"Hakuzipata zile mbao."

Roy aligeuza shingo. "Mbona hukuniambia hii siku zote?"

"Ningekuambiaje, kaka, nawe huniongeleshi?"

Roy akataka nyingine. Hobday akamweleza moto wa mwaka 1613, mzinga ulipofyatuliwa katikati ya mchezo na cheche zikashika paa la nyasi. Jengo liliteketea, ila watu walitoka. Mmoja suruali yake ilishika moto, na inasemekana aliuzima kwa chupa ya bia.

"Huyo alipoteza bia bure," Roy alisema, na Maureen, aliyekuwa jikoni, akatoka kuangalia nani anacheka.

Jengo lilijengwa tena, safari hii kwa paa la vigae. Mwaka 1642 watawala wa msimamo mkali wa dini wakafunga kumbi zote, na baadaye Globe ikavunjwa kupisha nyumba za kupangisha.

"Kwa hiyo na wao walihamishwa," Roy alisema.

Mwezi Mei mwaka huu Roy alikuja mwenyewe, na fimbo, akajinunulia tiketi ya kusimama. Hobday alimletea kiti.

"Kirudishe," Roy alimwambia. "Nimekuja na miguu yangu." Kisha akazunguka uwanja taratibu, akasimama karibu na nguzo moja ya mwaloni. "Kibanda kilikuwa hapa."

"Hapana, kaka, kule kwenye ngazi."

"Hapa. Wewe ulikuwa unachelewa kila siku, utajua wapi?"

Nyonga ilimvumilia mpaka mapumziko. Hobday alimsindikiza hadi kituo cha basi, na wakiwa njiani Roy akasema mfalme wa kwenye mchezo ni mjinga, kisha akauliza mwisho wake unakuwaje.

Katika miaka yote hiyo Hobday hajawahi kutazama mchezo hadi mwisho; wakati watu wanapiga makofi, yeye huwa nyuma ya mlango, toroli tayari.

Atastaafu majira ya kuchipua yajayo. Msimu utakapofunguliwa, kwa mchezo uleule, anakusudia kupitia lango la mbele pamoja na Roy, ambaye amekubali, baada ya mabishano marefu, kuketi.

"Akichoka hatutoki," anasema Hobday, akigeuza toroli kuelekea mlangoni. "Tutakaa mpaka tujue yule mfalme ameishia wapi."