Alama Kumi za Theodora

Theodora alijifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa kumi na moja mwaka 1975, kwenye nyumba ambayo haikuwa na mlango. Mlangoni palikuwa na gunia. Nyumba nyingi za kijiji chetu zilikuwa hivyo, maana Operesheni ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa ilikuwa imetuleta pale mwaka mmoja tu kabla.

Kabla ya hapo alikaa ukweni, upande wa Issuna. Kaya moja ilikuwa na mama mkwe wake, mawifi watatu na shangazi wa mume wake. Lori lilipokuja likawagawa. Wale wakapelekwa kijiji kingine, ukitoka asubuhi unafika jua la utosini. Theodora na mumewe Alute wakaletwa kwetu. Alute hakukaa. Alikwenda Singida Mjini kutafuta kibarua cha ujenzi, akawa anarudi mara moja kwa mwezi, siku mbili.

Basi Theodora akabaki na kichanga. Alikuwa na miaka ishirini na mbili hivi, mrefu, si msemaji.

Mwezi wa kumi na mbili zikaja karatasi kutoka wilayani. Kila mama aliyejifungua karibuni aulizwe ana msaada gani, apewe alama. Maswali matano. Nani anakuchotea maji? Nani anakupikia? Nani anakushikia mtoto ukilala? Nani anakuja ukiumwa usiku? Ukiwa na jambo zito unamwambia nani? Kama hakuna mtu, sifuri. Mtu mmoja, alama moja. Wawili au zaidi, alama mbili. Kazi ya kuuliza nilipewa mimi, kwa sababu niliacha shule kidato cha pili na sikuwa na kazi nyingine. Bi Anastazia, nesi wa zahanati, alinipa kalamu na kipande cha ubao wa kuandikia.

Nilimkuta Theodora ameketi mbele ya nyumba, mtoto mgongoni, debe la maji pembeni. Kanga yake ilikuwa imelowa begani. Maji yalikuwa mbali, mvua zilichelewa mwaka ule.

"Nani anakuchotea maji, shemeji?"

"Mama mkwe," alisema. "Na wifi."

Nikalitazama debe. Na yeye aliona nalitazama.

"Anayekupikia?"

"Wifi. Na shangazi."

Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Jina la mama mkwe hakulitaja hata mara moja, mkwe hatajwi. Nililijaza mwenyewe: Kristina. Nilijua vizuri kwamba mama Kristina hajakanyaga pale tangu mtoto azaliwe. Alikuwa mzee wa miguu mibaya, na huko walikopelekwa nao walikuwa wanajenga. Lakini kwetu mwanamke aliyezaa hasemi hana watu. Akisema hivyo ni kama amewazika wakwe zake wakiwa hai. Ukimuuliza nani anamsaidia, atakutajia wale wanaopaswa kumsaidia. Kama wamekuja au hawakuja, hiyo si habari ya kumpa mtu mwenye kalamu.

Mimi ni Mnyaturu kama yeye, nilijua. Nikaandika kumi juu ya kumi. Nilikuwa na nyumba nyingine nyingi siku ile.

Mstari wa pili wa nyumba nilimkuta Klara, mke wa mwalimu, mtu wa Ulemo huko Iramba. Na yeye alikuwa na kichanga.

"Sina mtu," alisema hata sijakaa. "Andika hivyo hivyo. Mama yangu yuko Ulemo."

"Maji lakini naona mwalimu analeta."

"Inaleta baiskeli. Baiskeli ni mtu? Andika sifuri. Na kama unataka kujua nani ananishikia mtoto, haya, mshike wewe nikalale."

Klara alipata alama moja.

Wiki iliyofuata mwenyekiti, mzee Mughwai, alisoma alama mkutanoni. Waliopata chini ya tano walipumzishwa shamba la kijiji miezi mitatu, na mtu wa kuwachotea maji wakapewa. Waliopata nane kwenda juu walitakiwa shambani kama wengine, na tena wawasaidie wenzao.

"Theodora, mke wa Alute, ana kumi," mzee Mughwai alisema. "Hakuna aliyemfikia. Theodora utamchotea maji mke wa mwalimu. Ndugu zangu, huu ndio ujamaa wenyewe."

Watu wakapiga makofi. Wanawake waliotoka Issuna pamoja naye walipiga pia, taratibu. Hakuna aliyesema kitu. Angesema nini? Angesimama mbele ya kijiji aseme wakwe wa mwenzake ni watu bure? Theodora alikuwa anamweka mtoto nguo vizuri.

Mwezi wa kwanza wote alikwenda hivyo. Alfajiri debe la Klara, halafu debe lake, halafu shamba la alizeti mpaka saa saba, mtoto amelazwa chini ya turubai na watoto wengine. Nilikuwa napita naye njiani. Tunasalimiana, basi.

Mwezi wa pili nilikuwa zahanati siku ya mizani, naandika kadi. Mtoto wa Theodora alikuwa na kilo nne na robo mwezi uliopita. Bi Anastazia alimning'iniza, akamshusha, akamning'iniza tena.

"Tatu na nusu," alisema. "Mama, huyu ananyonya?"

"Ananyonya."

"Maziwa yanatoka?"

Theodora alimfunika mtoto. Bi Anastazia akaichukua karatasi yangu ya mwezi wa kumi na mbili.

"Hapa una alama kumi. Hao watu wote wako wapi?"

"Wapo."

"Wako kijiji kingine," nikasema mimi. "Hawajaja."

Bi Anastazia akanigeukia. "Sasa wewe uliandika nini?"

"Nimeandika alichosema."

"Umesomea wapi wewe?" Hakungoja nimjibu. Alimwinamia Theodora. "Mama, sikiliza. Mimi siwezi kuibadilisha kwa maneno ya huyu. Sema mwenyewe. Ukisema huna mtu, kesho hushiki jembe na maji unaletewa. Ukisema unao, unarudi shambani."

"Itasomwa tena mkutanoni?"

"Itasomwa."

Klara alikuwa kwenye benchi na mtoto wake. "Sema, Theodora. Maji yangu mimi unanichotea wewe. Kila siku nakuona ulivyo. Mimi naona haya sasa."

"Wewe mkwe wako hayuko huku," Theodora alisema. "Wewe unaweza kusema."

Mtoto wake alikuwa halii, na hilo ndilo lilikuwa baya. Theodora alimtazama, akamfunga mgongoni, akakaza kanga.

"Andika hakuna."

"Swali lipi?" nikauliza.

"Yote."

Nikaandika sifuri tano.

Ilisomwa Jumapili. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kuanzia Jumatatu jirani alimletea maji, na jembe halikushikwa. Mwezi wa tatu mtoto alifika kilo nne na nusu, Bi Anastazia akacheka peke yake.

Habari ilifika kwa wakwe kabla mwezi haujaisha. Mama Kristina alikuja kwa miguu yake ile mibaya, na wifi mmoja anamfuata nyuma. Mimi nilikuwa nyumba ya pili, naezeka. Theodora alitoka, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Umesema hatupo. Nimekuja unione."

"Mama, karibu kiti."

"Maji anakuletea nani?"

"Jirani."

"Basi huyo ndiye mkwe wako. Msalimie."

Theodora akamleta mtoto, akamnyanyua kidogo ili bibi amwone. Mama Kristina alimtazama mtoto vizuri tu, hata mkono aliunyoosha, halafu akaurudisha. Wifi alitazama pembeni. Hawakukaa, hawakunywa maji. Walirudi jua likiwa kali.

Alute alikuja mwisho wa mwezi. Hakupiga, hakugomba. Alikula, akalala, asubuhi akaondoka kwa njia iendayo kwa mama yake. Mwezi uliofuata hakuja.

Mwezi wa tano mtoto aliota jino la kwanza. Habari kama hiyo kwetu hupelekwa kwa bibi siku hiyo hiyo. Theodora hakuwa na wa kumtuma. Alinionyesha mimi, kwa kuwa nilikuwa napita, akamfungua mtoto mdomo kwa kidole nikaliona. Nikasema, jino zuri. Kwenda huko kwa bibi sikujitolea.