Marinda Yaliyopotea Kwenye Karatasi

Mama mmoja wa Majengo alimshonea bintiye gauni la harusi yeye mwenyewe, buluu kali, lenye marinda membamba kutoka kiunoni hadi miguuni. Mimi ndiye niliyepiga picha. Wiki mbili baadaye alikuja studio yetu hapa Pumwani kuchukua picha kubwa ya kutundika sebuleni. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Mwanangu, marinda yangu yako wapi?"

Nikatazama. Kweli, gauni lilikuwa doa moja la buluu, kama ukuta uliopakwa rangi. Na kwenye skrini yangu kila rinda lilionekana na kivuli chake!

"Nipe muda kidogo, mama," nikasema, ingawa sikujua nitafanya nini. Akavuta kiti, akaketi.

Dada ninayeendesha naye studio alikuwa na jibu lake. "Hiyo buluu ni noma. Printa haiwezani nayo. Mwambie tu ukweli."

Hakukosea. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, printa kwa wino, na kuna buluu ambazo wino hauzifikii. Lakini hilo lilieleza kwa nini rangi imefifia. Halikueleza marinda yamekwenda wapi.

Nikafungua picha upya, nikaweka alama tatu kwenye gauni: juu ya rinda, ubavuni mwake, na ndani ya mkunjo. Programu ikanionyesha namba za rangi za kila alama, zote tofauti. Kisha nikaiambia iigeuze picha iwe katika rangi za printa yetu. Namba za zile alama tatu zikawa sawasawa, hata moja haikupishana.

Hapo nikasogeza kiti karibu na skrini. Kwenye dirisha la programu la kugeuzia rangi kuna orodha ya njia nne, nami miaka yote sikuwahi kuigusa. Njia niliyokuwa nikiitumia bila kujua huziacha rangi zinazochapika kama zilivyo, na kila iliyozidi huirudisha ukingoni mwa uwezo wa printa. Buluu zangu zote tatu zilikuwa zimezidi, zikarundikwa mahali pamoja. Nikachagua nyingine, ile inayozibana rangi zote za picha kwa pamoja ili tofauti kati yake ibaki.

Namba zikaachana!

"Njooni muone!" Nilipiga kelele hadi mwenzangu akaangusha mkasi. Mama naye akainuka, akainamia skrini.

Lakini niliona namba za uso wa bibi harusi nazo zimesogea. Nikaona nisimfiche. "Mama, kwa njia hii uso wa binti utafifia kidogo, na buluu yenyewe haitakuwa kali vile."

Akacheka. "Uso aliuumba Mungu. Marinda niliyashona mimi. Chapa!"

Karatasi ilitoka polepole, na sisi watatu tumesimama mbele ya printa kama watu wanaomngoja mgeni. Kiuno kikatoka, kisha rinda la kwanza, la pili, la tatu. Mama akawa anayafuata kwa kidole bila kugusa wino. Akasimama kwenye moja karibu na nyonga.

"Hili nililifumua mara mbili," akasema. "Linaonekana!" Akanikumbatia kwa nguvu, miwani yangu ikapinda.

Alipoondoka sikuweza kutulia. Nilifungua picha za zamani moja baada ya nyingine, nikajaribu njia zote nne, nikitazama namba zikihama. Mwenzangu aliniletea chapati, ikapoa pembeni. Kufikia alasiri nilikuwa nimegundua kwamba picha ya mzee mwenye kanzu nyeupe ilipendeza zaidi kwa ile njia ya kwanza, kwa sababu hapakuwa na rangi yoyote iliyozidi, na kuibana kuliifubaza bure.

"Kwa hiyo ipi ndiyo sahihi?" mwenzangu akauliza.

"Inategemea picha!" nikamjibu, nikivuta kiti cha pili ili naye aketi aone.