Fundi wa Waifai na Plagi ya Koridoni

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, taa ya kifaa cha waifai cha koridoni inawaka rangi ya chungwa. Cha sebuleni kinawaka nyeupe, kimetulia. Cha chumba cha nyuma kinapepesa.

Fundi amechuchumaa mbele ya kile cha koridoni na hakigusi. Anasoma simu yake.

“Hiki kimewaka dakika nne zilizopita,” anasema. “Cha sebuleni kina wiki tatu hakijazimika.”

Kwenye mlango wa chumba cha nyuma amesimama mwenye nyumba, mwanamke wa miaka thelathini na minne, vipokea sauti vikimning’inia shingoni. Zamu yake inaanza saa mbili kamili.

“Mama, nina dakika kumi tu,” anamwambia fundi.

“Kitakaa sawa kabla ya hapo. Kanywe chai yako. Ukikikodolea macho hakiharakishi.”

Saa mbili kasoro dakika sita taa inageuka nyeupe. Mwanamke anaingia chumbani na kufunga mlango. Muda mfupi baadaye sauti yake inasikika, imebadilika na kuwa ya kazini: “Habari za asubuhi, umepiga kitengo cha madai, nikusaidie nini?”

Fundi hainuki. Anaitazama plagi, ambayo imo kwenye soketi, imekaza, safi kuliko plagi yoyote aliyoiona mwezi huu.

Mtaani wanamwita Mama Waya, na yeye mwenyewe anacheka kila akiitwa, kwa sababu kazi yake ni kutengeneza mtandao ambao hauna waya. Jina hilo ni la zamani. Alikuwa akipanda nguzo za simu akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mkanda kiunoni na koleo mfukoni. Nyaya zilipoteremshwa, akateremka nazo. Sasa ana miaka hamsini na miwili, magoti yanalalamika, na mkoba wake una bisibisi, kipima umeme, tepu za rangi mbalimbali na kigoda cha kukunja.

Kigoda ndicho anachokitumia zaidi.

“Katika nyumba kumi, saba mtandao hauna kosa,” anasema. “Ukiwa na haraka utabadilisha vifaa mpaka uchoke. Kaa kwanza. Nyumba itakuambia.”

Kukaa kuna gharama yake. Hulipwa kwa kila nyumba, na akirudi kwa tatizo lile lile halipwi tena. Wiki nzuri hufikisha nyumba ishirini. Wiki ya nyumba hii alifikisha kumi na tatu.

Mafundi wawili walikuwa wamemtangulia. Wa kwanza alisema waifai za majirani zinagongana na ya hapa. Wa pili alilaumu kioo cha kabati, wakalisukuma kabati hadi ukuta wa pili, kisha akauza kifaa kipya cha koridoni. Kifaa kipya kikaumwa ugonjwa ule ule wa kile cha zamani.

“Walimlaumu jirani, wakalaumu kabati,” anasema mwenye nyumba. “Walibakisha kunilaumu mimi.”

Jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, Mama Waya huwaeleza wateja kwa mfano mmoja tu. Ni watu watatu wanaopokezana ndoo ya maji. Wa sebuleni anachota, wa koridoni anapokea, wa nyuma anamimina. Wa katikati akienda chooni, wa mwisho anabaki na mikono mitupu.

Na wa mwisho, katika nyumba hii, ndiye anayelisha wengine. Mwanamke huyo hupokea simu za wateja wa kampuni ya bima akiwa chumbani mwake. Alikuwa ameshapewa maonyo mawili kwa kuchelewa kuingia hewani. Onyo la tatu lingemrudisha ofisini, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na mwingine kama huo kurudi. Mumewe ni dereva wa lori, hulala nyumbani mara mbili kwa mwezi. Nyumbani angebaki baba mkwe peke yake, na daktari alikwisha kusema mzee asiachwe peke yake.

“Wifi yangu yuko tayari kumchukua,” anasema. “Ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini kwake ni ghorofa ya tatu, na Baba hapajui. Hapa anajua njia ya chooni hata gizani. Mkono wake unaujua ukuta.”

Mzee mwenyewe, siku ile ya kwanza, asubuhi ya taa ya chungwa, alikuwa ameketi karibu na mlango wa jiko. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na mfuko wa kifuani ulikuwa na kitambaa cha bluu kilichokunjwa mara nne. Alimpokea Mama Waya vizuri.

“Karibu, fundi. Umeme uko sawa?”

“Uko sawa, Baba.”

“Usiuamini.”

Mama Waya alibadilisha soketi ya koridoni, maana kifaa kinachozimika peke yake mara nyingi kimekosa umeme. Alipima, akaaga. Kesho yake asubuhi simu yake ililia saa mbili na dakika tano.

“Mama, imekata tena. Nimeingia nimechelewa. Msimamizi amenisamehe kwa sababu ana mtoto mgonjwa na hakuwa na nguvu ya kugomba. Kesho hatakuwa na mtoto mgonjwa.”

Siku iliyofuata Mama Waya alifika saa moja na robo. Alikunjua kigoda chake mwisho wa korido, akakaa, akaweka mikono mapajani.

Saa moja na nusu na kitu, mzee alitoka chumbani. Alianzia jikoni. Alichomoa plagi ya birika, akatoa kile kitambaa cha bluu, akafuta meno ya plagi moja baada ya jingine. Akaweka mgongo wa kiganja juu ya soketi kusikiliza joto. Akarudisha plagi mahali pake, akaikandamiza kwa dole gumba. Alifanya hivyo hivyo kwa friji, kisha kwa pasi. Sebuleni alipita moja kwa moja, kwa kuwa plagi za pale zimo nyuma ya kabati zito. Akaingia koridoni.

Kifaa kilizimika. Meno yalifutwa, soketi ikasikilizwa joto, plagi ikarudi. Shughuli nzima haikufika nusu dakika. Kifaa kilihitaji dakika nane kuamka na kumpata mwenzake wa nyuma, na siku mzee alipokawia jikoni, dakika hizo zilivuka saa mbili.

Nyuma ya mlango uliofungwa, mkwewe alikuwa anawasha kompyuta. Kila alipotoka mbio kuangalia, aliikuta plagi imo.

“Shikamoo, Baba,” Mama Waya alisema.

“Marahaba. Wewe ndiye fundi wa zamu?”

“Ndiye mimi.”

“Mbona umekaa?”

“Nakuangalia unavyokagua.”

“Angalia, ujifunze. Vijana wa siku hizi wanachomeka na kuondoka. Plagi ikipata unyevu inaungua kimya kimya. Unyevu haupigi hodi.”

Mzee huyo alikuwa msimamizi wa ghala la baridi kwa miaka thelathini na mmoja. Zamu ya usiku ilikabidhi kwa ya asubuhi saa moja na nusu, na hakuna aliyekabidhiwa kabla msimamizi hajapita plagi zote. Mkewe, alipokuwa hai, alizoea kumwambia kwamba akifa ataanza kukagua soketi za ahera. Ghala limefungwa siku nyingi. Mambo mengi yamemtoka kichwani, likiwamo jina la mjukuu wake mdogo. Saa moja na nusu haijamtoka.

Mama Waya alisubiri mapumziko ya saa nne ndipo akamweleza mwenye nyumba. Mwanamke aliketi kitandani.

“Kwa hiyo ni Baba.”

“Ni Baba. Na kazi yake anaifanya vizuri.”

“Asijue kwamba ni yeye. Akijua ananifukuzisha kazi, hali chakula.”

Hata hivyo walimwomba, kwa upole, plagi ile moja asiiguse. Mzee aliomba radhi. Baada ya chai akaomba radhi tena, na jioni mara ya tatu. “Sigusi tena, binti yangu.” Asubuhi saa moja na nusu alikuwa amesahau ombi na radhi zote tatu.

Mume alipiga simu kutoka njiani. Sauti yake ilikuja pamoja na mngurumo wa injini. “Wekeni kisanduku, mpige kufuli.”

“Kufuli? Baba si mwizi,” mkewe alimjibu, akakata.

Mama Waya alirudi, bila malipo, akakipandisha kifaa juu ya fremu ya mlango na kukivutia umeme darini. Ilimchukua saa moja. Kwa fundi, lilikuwa jibu safi. Macho ya mzee hayangefika kule.

Yalifika. Kesho yake, saa mbili ikikaribia na mzee akiwa bado anatafuta, mkwewe alisikia kiti kikiburuzwa koridoni. Alipofungua mlango alimkuta mzee wa miaka sabini na minane amesimama juu ya kiti cha jikoni, mkono mmoja ukutani, mwingine ukipapasa darini.

“Kuna moja imepotea,” mzee alisema. “Zilikuwa nne. Siwezi kukabidhi zamu ikiwa na upungufu.”

Mwanamke alimshika kiunoni mpaka alipoteremka. Wakati huo simu za wateja zilikuwa zinaita chumbani. Alichelewa dakika tisa, na safari hii mtandao haukuhusika. Mchana alipokea ujumbe wa msimamizi wake: akichelewa tena wiki hiyo, Jumatatu aripoti ofisini. Akampigia wifi yake kumuuliza kama ana kitanda cha ziada.

Alimpigia pia Mama Waya, kumshukuru na kumwambia basi.

“Usiseme basi,” Mama Waya alimjibu. “Mimi ndiye niliyekosea. Nimemnyang’anya mtu kazi yake, unategemea akae kimya? Mimi waliponiteremsha nguzoni nilikuwa nikipita barabarani nahesabu nguzo mwaka mzima. Nakuja.”

Alifika saa kumi alasiri. Kwanza alikishusha kifaa na kurudisha plagi pale ilipokuwa. Kisha akaenda jikoni, akakaa mezani mbele ya mzee, akakubali chai.

“Baba, nikuulize. Kule ghalani, kulikuwa na plagi ambayo hata wewe hukuruhusiwa kuchomoa?”

Mzee alicheka. Mkwewe, aliyekuwa akiosha vikombe, aligeuka. Kicheko hicho alikuwa hajakisikia muda mrefu.

“Hata mimi? Hata meneja! Friji la chanjo. Lilikuwa na utepe mwekundu kwenye plagi. Yenye utepe mwekundu haiguswi. Unatazama taa, ukiona inawaka, unaenda zako. Kuna mmoja aligusa. Alifukuzwa kabla chai haijapoa.”

“Na utepe huo nani alikuwa anaufunga?”

“Msimamizi. Nani tena?”

Mama Waya alifungua mkoba, akatoa tepu ya umeme nyekundu, akaiweka mezani.

“Hapa nyumbani kuna moja haijafungwa.”

Mzee aliitazama tepu, akamtazama fundi. “Kuna chanjo ndani?”

“Hapana, Baba. Kuna kazi ya binti yako. Ikizimika, kazi inaharibika.”

Mzee alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akainuka.

“Lete.”

Koridoni aliinama mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Aliichomoa plagi mara ya mwisho, akaifuta, kisha akaizungushia tepu, raundi tatu, kila raundi ikipanda nusu juu ya mwenzake. Alikata kwa meno. Akairudisha na kuikandamiza kwa dole gumba. Vidole vilivyoshindwa kufunga vifungo vya shati asubuhi hiyo havikukosea.

“Mmekaa na plagi uchi muda wote huu,” alisema. “Hamna hata haya.”

“Tusamehe, Baba,” mkwewe alisema, akicheka huku akijifuta macho kwa mkono wenye povu.

Mama Waya hakutoa ahadi. “Mtandao naweza kukuhakikishia,” alimwambia mwenye nyumba mlangoni. “Mzee siwezi. Sheria hii ni ya zamani, pengine bado anayo. Tutaona saa moja na nusu.”

Mama Waya ana mpango wa kuacha kutumwa na wengine na kufungua kazi yake mwenyewe kabla magoti hayajamgomea kabisa. Katika mpango huo, ziara ya kwanza haitakuwa na vifaa. Itakuwa ya kigoda tu. Wenzake wamemwambia atakufa njaa. “Wao wana haraka,” anasema, “na wanarudi nyumba moja mara tano.”

Kesho yake, saa moja na dakika ishirini, alikuwa amekaa mwisho wa korido. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi kiasi cha upana wa kiganja.

Mzee alitoka saa moja na nusu, shati limepigwa pasi. Alipita birika, friji, pasi. Aliingia koridoni na kitambaa cha bluu mkononi, akainama, akanyoosha mkono.

Mkono ukasimama juu ya utepe. Dole gumba likapita juu yake mara moja, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee aliinua macho akaitazama taa. Ilikuwa nyeupe.

“Inawaka,” alisema.

Alikunja kitambaa mara nne, akakirudisha mfukoni. Alipogeuka aliliona jicho la mkwewe kwenye upenyo wa mlango.

“Binti, bado hujaingia kazini? Hii iko sawa. Ingia.”

Mlango ukafungwa. Saa mbili kamili, simu ya kwanza ikapokewa.